Samaki wa Tangi Refu la Elibariki

Hyasinta alikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, meza moja Mtaa wa Narung'ombe, ndoo sita za samaki wa mapambo, na kinyongo kimoja alichokitunza vizuri kuliko hizo ndoo. Alikuwa Mnyasa wa Liuli, kule kusini ambako watu hulala wakisikia ziwa. Aliwajua samaki kwa tabia, kama wengine wanavyowajua wapangaji wenzao: nani mpole, nani mgomvi, nani hafai kukaa na watoto. Kila asubuhi alitoka Magomeni Mapipa, akawahi Kariakoo kabla mikokoteni haijaziba njia, akapanga mifuko yake ya nailoni juu ya meza. Jirani yake wa mkono wa kulia alikuwa Mzee Mwinyimvua, muuza mafagio, mtu wa maneno mengi na roho nzuri.

Hakumuuzia mtu samaki kabla hajamhoji. Tangi lako limekaaje? Lina mdomo wa kiasi gani? Liko karibu na dirisha? Siku hizi yalikuwa yameingia matangi marefu membamba ya kusimama pembeni ya makochi, na kila aliyekuwa nalo aliamini kwamba maji mengi ni samaki wengi. Hyasinta aliwasuta taratibu. Samaki hapandi ngazi, aliwaambia, anaogelea kwenda mbele na kurudi, na hewa yake inaingilia juu, kwenye mdomo wa tangi. Tangi refu lenye mdomo mdogo ni sawa na chumba cha kupanga chenye dari ya juu: kitanda kinaingia kimoja tu. Mwenye tangi la namna hiyo alimpa malaika wanne, wale samaki bapa wanaopenda kupanda na kushuka, pamoja na vikambale vichache vya kuokota makombo chini. Mteja akitaka zaidi alimrudishia hela yake mkononi.

Ujuzi huo aliupatia dukani kwa Elibariki. Miaka tisa alimfanyia kazi yule bwana, Mchaga wa Machame, mwenye duka la samaki na vyakula vyao. Elibariki alijua bei ya kila samaki, na mengine yote aliyajua Hyasinta. Halafu ikaja Pasaka ile, miaka minne iliyopita. Mama yake mdogo Hyasinta alifariki Liuli; Hyasinta akaomba ruhusa ya kwenda kuzika, akanyimwa. Jumatatu ya Pasaka walipofungua duka walikuta samaki wote wamepinduka matumbo juu, tangi kwa tangi. Hyasinta alinusa hewa akajua. Jumamosi mtu wa dawa ya mende alikuwa amepuliza duka zima, na zile pampu za hewa zikaivuta dawa zikaiingiza majini. Alisema hivyo, tena alisema mara tatu.

Elibariki hakusikia. Alimtoa hadi barazani, mbele ya wateja na wabeba mizigo, akatangaza kwamba mwanamke huyu ametia sumu samaki wake kwa hasira ya kunyimwa ruhusa. Mtaa mzima ulisikia. Baadaye alilifunga lile duka akahamia kwenye vigae na mapazia, akatajirika zaidi, na pengine alikwisha kusahau. Hyasinta hakusahau. Hakuna duka lililomchukua. Mpaka leo wapo waliopita mezani kwake wakanong'onezana, na kila walipofanya hivyo Mwinyimvua aliacha mafagio yake akawafokea. Mzee yule alikuwa tayari kula kiapo kwamba Hyasinta hawezi kuua hata dagaa. Hyasinta mwenyewe alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na hakuliona kuwa kubwa: Elibariki asimame palepale Kariakoo, kwa sauti ileile, aseme kwamba hakuwa yeye.

Badala yake, Jumanne moja Elibariki alikuja kununua samaki.

Alisimama mbele ya meza, kitambi kimeongezeka, simu mkononi. Hyasinta hakumpa shikamoo. Alimwambia karibu, basi, na mkubwa yule akaimeza dharau hiyo. Alieleza shida yake akiwa anatazama ndoo. Jumamosi wakwe watarajiwa wanakuja nyumbani kuleta posa ya binti yake, Jovitha. Sebuleni ameweka tangi aliloagiza China, na samaki dhahabu ishirini aliotia wamekufa siku ya pili. Ameulizia mtaa mzima, na kila mtu amemwambia aende kwa Hyasinta. Kisha akamwonyesha picha. Tangi lilimzidi mtu kimo, wembamba wake kama friji ya mlango mmoja, na mdomo wake hata sufuria ya pilau usingeipitisha.

Jibu lilikuwa tayari kichwani mwa Hyasinta. Malaika wanne, vikambale vitano, pampu ndogo, maji yatulie siku mbili kabla ya kutia samaki. Mdomo ulifunguka kulisema. Halafu Elibariki akasema, "Nataka lijae rangi, mama. Wageni wakiingia wakose la kusema."

Alimwita mama. Miaka tisa alikuwa akimwita Hyasinta, siku ile barazani alimwita mwanamke huyu, na leo, kwa kuwa ana shida, amekuwa mama. Hasira ya miaka minne ilipanda yote kwa pamoja, na nyuma yake ikaja furaha ya ajabu, maana aliona la kufanya.

Alifunua ndoo ya mwisho. Humo walikuwamo mbuna, samaki wa kwao ziwani, wa buluu kama kitenge kipya, na wa manjano, na wenye mistari. Ni wazuri kupita kiasi, ila kila dume anataka jiwe lake na eneo lake, na asiyekuwa na pa kukimbilia hutafunwa mapezi, kisha macho, mpaka afe. Tangi refu jembamba lina sakafu ndogo tu, na mbuna hugombea sakafu. Mtoto yeyote wa Liuli analijua hilo. Hyasinta alichagua kumi na wanne, wote madume, akawafunga vizuri kwa hewa ya kutosha kufika salama.

"Hawa watakaa?" Elibariki aliuliza.

"Hawa ni wa kwetu," alijibu. "Nawajua."

Hakumhoji chochote kuhusu mawe wala pampu. Mwinyimvua, aliyesikia kila neno, alimsifu baadaye kwa moyo wake mkubwa, akasema mwingine angemfukuza yule bwana kwa fagio. Hyasinta aliendelea kupanga mifuko.

Siku zile alikula vizuri. Jumatano aliwaza madume wamekwisha kugawana kona. Alhamisi aliwaza mapezi yaliyochanika yakielea. Jumamosi alikaa uani Magomeni akifua, na kila alipokamua nguo aliiona sebule ile: wazee wa upande wa pili wamevaa makoti, soda zimepangwa mezani, na pembeni ya kochi, ndani ya kioo cha China, samaki wanaliwa hai mbele ya wageni. Alicheka peke yake mpaka mpangaji mwenzake akamuuliza kuna nini. Alitaka Elibariki aaibike mbele za watu kama alivyoaibishwa yeye, na katika kutaka huko hakuwafikiria wale samaki hata mara moja.

Jumatatu, jua likiwa limeshika, Elibariki alirudi. Alibeba ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaiweka juu ya meza. Hyasinta alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na majibu yake yalikuwa yamenolewa. Watu waliomfahamu yule bwana walianza kusogea, na Mwinyimvua akajongea na fagio mkononi.

Elibariki alivua kofia. Alisema kwa sauti ya juu, sauti ile ya barazani.

"Ndugu zangu, mnisikie. Ijumaa niliita mtu wa dawa ya mende, apulize nyumba kabla ya wageni. Jumamosi nalifunua tangi, nililolifunika pazia tangu Jumanne, samaki wote wamepinduka, kama Pasaka ile. Huyu mama aliniambia wakati ule ni dawa. Aliniambia mara tatu. Sikumsikiliza, nikamchafulia jina. Mimi ndiye niliyeua wale samaki, na hawa wa sasa nimewaua mimi tena. Hyasinta, nisamehe."

Watu wakaanza kusema wote kwa mpigo. Muuza vifuniko vya simu wa ng'ambo ya barabara, ambaye tangu Pasaka ile hakuwahi kumsalimia, alivuka njia akampa mkono. Mwinyimvua alikuwa analia waziwazi, anauliza kila aliyekuwa karibu, si nilisema, si nilisema mimi. Elibariki aliongeza kwamba amewatunza wale samaki kwenye barafu na kuwaleta ili Hyasinta awaone mwenyewe na kuthibitisha kwamba ni dawa, maana yeye Elibariki macho yake hayajui.

Hyasinta aliinua mfuniko kidogo, kiasi cha upana wa kidole. Wale wa juu walikuwa hawana mikia. Mmoja wa buluu hakuwa na jicho, na ubavu wake ulikuwa umeliwa hadi mifupani. Dawa haifanyi hivyo. Wengi wao walikuwa wamekufa tangu Alhamisi, pengine Jumatano, kabla mtu wa dawa hajabisha hodi, na Hyasinta ndiye aliyewachagua mmoja mmoja kwa mkono wake.

Wote walimtazama, wakingoja neno. Lile aliloliomba kwa miaka minne lilikuwa limeshasemwa, palepale, kwa sauti ileile.

"Ni dawa," alisema. "Nimekusamehe, mzee."

Watu wakapiga makofi. Mwinyimvua akasogea, akapangusa macho, akasema naye atazame hao samaki, na Hyasinta akaubana mfuniko kwa viganja vyote viwili.