Askari wa Mkono wa Kushoto

Siku hizi wananialika. Wakigawa tuzo ya wanafunzi wa sanaa pale chuo kikuu, nakalishwa mstari wa mbele, napewa soda na ratiba, na kijana wa itifaki ananiita Mama Msanii. Nakwenda, kwa sababu Jumamosi alasiri nyumbani hakuna la maana, lakini nikishakaa pale hukunja uso mpaka mwisho, nao wanadhani ni uzee. Si uzee. Ukutani wametundika ngao ya shaba yenye majina ya washindi wa zamani, na kuna jina moja pale ambalo kila nikiliona natamani kutema mate.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, enzi za utawala wa jeshi, Wahindi wameshafukuzwa na walimu wa kigeni wameshafunga virago. Idara yetu ilibaki na mkuu ambaye alipanda cheo kwa sababu wenye cheo walipanda ndege. Alikuwa mrefu, mnene wa shingo, na alivaa tai hata siku ya kuchanganya rangi. Kiswahili alikidharau waziwazi. Kwake ilikuwa lugha ya kambini. Mimi, mtoto wa mtaa wa Kibuli ambaye babu yake alikuja na bidhaa kutoka pwani akanogewa na mji, nikiingia darasani alikuwa akiniuliza kwa Kiingereza kama leo nimeleta karafuu. Darasa lilicheka, nami nikacheka, maana mwanafunzi angefanya nini?

Ngao ya shaba haikunishughulisha. Nilichokitaka ni ufunguo. Kwa desturi ya idara, mshindi wa tuzo alikabidhiwa ufunguo wa chumba cha kuchapia picha, akaruhusiwa kukitumia mwaka mzima baada ya masomo. Ndani kulikuwa na mashine ya chuma yenye gurudumu kubwa, nzito kiasi kwamba hata wezi waliomaliza viti na mapazia ya chuo waliishindwa. Mjini kote sikujua nyingine ambayo mtu kama mimi angeigusa. Kazi yangu ilikuwa kuchonga picha kwenye bamba, kulipaka wino, kisha kulilazia karatasi na kulipitisha kwenye mashine hiyo. Bila mashine nilikuwa binti mwenye visu vidogo vidogo na vidole vichafu.

Nyumbani mambo yalikuwa yamekwisha pangwa. Baba alikuwa na duka chini ya msikiti, la chumvi, mafuta ya taa na chochote kilichopatikana wiki hiyo. Mchumba alishapatikana, mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi, watu waliogawiwa maduka ya Wahindi wakanenepa kabla ya kujua bei ya bidhaa. Wangu alipewa duka la viatu. Siku alipokuja kujitambulisha alitusimulia kwa fahari jinsi alivyouza viatu vyote vya dirishani siku ya kwanza, na jinsi wateja walivyo wakorofi, kwani walirudi kesho yake kudai mguu wa pili. Baba alitazama chini. Mimi nilimtazama baba.

"Ukiipata hiyo tuzo yao," baba aliniambia mgeni alipoondoka, "kaa mwaka mwingine, nami nitamzungusha mpaka achoke. Usipoipata, utarudi dukani na posa nitaijibu."

Aliliweka wazi hivyo, na hakuwa mtu wa kubadilisha maneno.

Kwa ajili ya tuzo nilichonga mtaa wa Bwaise wakati wa mvua. Wanawake wamebeba magodoro kichwani, maji yamewafika mapajani, na mmoja ameshika jiko juu kabisa kwa mikono miwili ili makaa yasizime. Nilikwenda kule mara nyingi na viatu mkononi. Nilijua ni kazi nzuri, na sioni haya kusema hivyo.

Kisha ikaja habari kwamba jaji wa mwaka huo atakuwa ofisa wa jeshi. Mkuu wa idara alitukusanya, akajikohoza, akasema ingependeza kama kazi zetu zitamgusa askari na taifa lake. Ndani ya wiki mbili idara ikajaa askari. Askari amebeba mtoto, askari ameshika jembe, askari amekaa na bibi kizee ambaye kwa kweli angekuwa amejificha chini ya kitanda. Wenzangu waliokuwa wakijadili uhuru wa msanii mpaka povu linawatoka walikuwa sasa wanaulizana mabuti yana matundu mangapi ya kamba. Mimi sikumwondoa mwanamke wangu majini.

Aliyefurahisha zaidi alikuwa mpwa wa mkuu, mtoto wa dada yake. Kijana wa viatu vya visigino virefu na suruali pana miguuni, mvivu, si mbaya wa moyo. Lino ya kuchongea, ule mpira wa kutandika sakafuni, ilikuwa haipatikani tena dukani, kwa hiyo tuliibandua sakafuni katika majiko ya nyumba zilizoachwa. Yeye akapata kipande kikubwa kama mlango, akachonga askari mmoja tu, kuanzia kichwani hadi kiunoni, anapiga saluti. Mjomba wake hakungoja hata kuiona imechapwa. Alimpigia ofisa simu kumwahidi kwamba atakuta picha ya askari ambayo Afrika Mashariki haijaiona.

Asubuhi ya kuhukumu niliingia chumba cha kuchapia, nikamkuta mkuu amesimama mbele ya karatasi iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba. Tai alikuwa ameilegeza. Mpwa alikuwa amekaa sakafuni, mikono kichwani.

Askari alikuwa anapiga saluti kwa mkono wa kushoto.

Kosa hilo kila mchapaji hulifanya mara moja. Unachora mkono wa kulia kwenye bamba, unauchonga kulia, na unapochapa picha inageuka, kulia kunakuwa kushoto. Mimi nililifanya mwaka wa kwanza nilipochonga mtaa wetu, mnara wa msikiti ukahamia upande wa makaburi. Kijana huyu miaka yote alikuwa akichonga vilima, na kilima ukikigeuza kinabaki kilima. Hakuwahi kushtuliwa. Na sasa medali zilikuwa kifua cha kulia, mkono wa kushoto kwenye kofia, na ofisa yuko njiani kuja kutazama jeshi lake likidhihakiwa.

Nikacheka. Nakiri nilicheka kwa sauti, kisha nikauona uso wa yule kijana na kicheko kikanikauka. Mwezi ule ule mfua vyuma wa mtaani kwetu alitiwa kwenye buti la gari kwa sababu alitundika picha ya rais nyuma ya mlango wa choo, na hakuna aliyethubutu kuuliza alipelekwa wapi.

"Iondoe basi," nilimwambia mkuu.

"Nimeshamwahidi. Anakuja kwa ajili ya hii." Akanisogelea. Mara ya kwanza tangu nimjue aliniita nnyabo, kama mtu anavyomwita mama mtu mzima kwa Kiganda. "Nnyabo, wewe unaijua hii mashine. Hakuna njia?"

Njia ilikuwepo. Ukichapa karatasi kwa wino mwingi, kisha kabla haujakauka ukailaza karatasi nyingine safi yenye unyevu juu yake na kuzipitisha zote mbili kwenye mashine, ile ya pili inapokea picha iliyogeuzwa tena. Kulia kunarudi kulia. Ila wino unaofika huko ni mabaki, kwa hiyo picha inatoka hafifu, ya kijivu, kama iliyofuliwa mara nyingi.

Nilijua ninachokifanya. Nikimwokoa, ndiye atakayeshinda, maana mjomba wake alishauza mechi. Nikikataa, watatiwa kwenye gari, yeye na pengine sisi sote. Sikumpenda kijana yule na mjomba wake nilimchukia, lakini sikutaka kumwona kijana kwenye buti la gari, nikavua saa nikapandisha mikono ya blauzi. Mkuu mzima wa idara alinishikia karatasi kwenye pembe, jasho likimdondoka, na nilipomwambia asogee alisogea.

Ofisa alifika akiwa na walinzi wawili na fimbo ndogo kwapani. Desturi yetu ilikuwa kuzitundika kazi bila majina, kwa namba tu, ili jaji asipendelee. Mkuu alitembea ubavuni pake akimwambia kila namba ni ya nani. Na alikuwa akiongea Kiswahili. Mtu aliyekiita lugha ya kambini alikuwa sasa anakitafuta kwa jasho, mgongo umepinda, akikokota maneno yake ya barabarani kama gunia lililotoboka.

Walisimama mbele ya wanawake wangu wa Bwaise.

"Hii watu nakwenda wapi?" ofisa aliuliza.

"Hii ni ya kujifunza tu, afande."

"Nani nasema hapa iko mafuriko?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yao. "Ni Bwaise, afande," nikasema. "Mvua ikinyesha."

Ofisa alinitazama, kisha akaitazama tena picha, na naapa kuna kitu alikitambua, pengine mama yake aliwahi kubeba jiko namna ile. Kisha akakumbuka cheo chake. "Serikali ilishamaliza hiyo maneno," akasema, akapita. Mkuu alibaki nyuma kidogo tu, akaigeuza picha yangu ikatazama ukuta.

Mbele ya askari wa kijivu ofisa alikaa muda mrefu. Mpwa alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo.

"Kwa nini yeye iko hivi? Kama moshi?"

Mkuu aliikaza tai yake. "Iko ndani ya ukungu, afande. Asubuhi sana."

"Ukungu." Ofisa aliitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. "Mzuri. Adui hawezi ona yeye."

"Iko mzuli sana, afande. Sisi nafulahi."

Basi tuzo ya sanaa ya chuo kikuu ikaamuliwa hivyo. Walipiga makofi. Wenzangu walipiga makofi, na wale wa uhuru wa msanii walipiga kuliko wengine. Kijana akaahidiwa jina lake kwenye ngao, akapewa ufunguo, akanipita mlangoni bila kuinua macho. Baadaye kidogo, hapo nje, mkuu aliniambia kwa Kiingereza kwamba kazi yangu ina nguvu lakini haina matumaini. Nilimwambia asante, mwalimu. Nilikuwa na wino wa askari wa mpwa wake mpaka kwenye viwiko.

Nikarudi dukani. Nilipima chumvi, nikajaza mafuta ya taa kwenye chupa za watu, na usiku sikulia kwa sababu nilikuwa na hasira mno. Visu vyangu nilivifunga kwenye kitambaa nikavitia chini ya pipa la mchele. Baba hakunisimanga. Alisema tu kwamba watu wa viatu watakuja Ijumaa baada ya sala, na mama akaanza kutafuta sukari ya chai yao kwa magendo.

Alhamisi, mimi nikiwa nyuma ya mizani, gari la chuo likasimama mbele ya duka, akashuka mkuu wa idara na tai yake.

"Salaam alaikum, Haji," alimwambia baba. Salamu aliitamka vibaya, lakini aliitamka. Baba alimwitikia, akamvutia debe tupu akalie. Alikaa juu ya debe, magoti yakimfika kifuani, akaanza kusifu duka. Alisifu rafu, alisifu mizani, akasifu hata paka. Baba alimwacha aendelee mpaka maneno yakamwishia.

Ndipo ikatoka. Ofisa alikuwa ameipenda picha. Alitaka nyingine kama ile, zenye ukungu ule ule, kwa ajili ya mesi, kumbi za chakula za maofisa, na alishatuma mtu mara mbili kuulizia. Mpwa alijaribu, lakini ile hatua ya karatasi ya pili ilimshinda. Kila askari aliyetoka alikuwa wa mkono wa kushoto.

"Kuna kazi naweza yeye peke yake, Haji," alisema akinielekezea kidole bila kunitazama. "Nataka yeye narudi kidogo, kusaidia."

Baba alipangusa kaunta, ingawa ilikuwa safi. "Mwalimu, mimi na huyu binti tuna ahadi. Akishinda, abaki kwenu mwaka mmoja. Hakushinda. Kesho nina wageni kwa ajili yake. Kama kuna kazi, si mpe aliyeshinda?"

Mkuu alitazama magunia.

"Mimi sijui picha," baba aliendelea, kwa upole ule aliowawekea wateja wanaopunja. "Nataka unijibu jambo moja, ili na mimi nijue la kuwaambia wageni. Nani alishinda?"

Mteja wangu, mama mmoja wa jirani, alikuwa akingoja chumvi yake. Barabarani askari wawili walikuwa wakinunua karanga. Mkuu aligeuka akawatazama, akanitazama mimi, akaitazama milango ya duka kama mtu anayepima kama itamtosha. Nilidhani atanyanyuka aende zake. Ningemdharau vilevile, lakini angalau ningemwelewa.

"Huyu," akasema.

"Huyu nani?"

"Mtoto yako, Haji." Sauti ilikuwa ndogo, na ilikuwa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha aliyoulizwa nayo. "Yeye ndiye nashinda."

Baba alinigeukia. Hakutabasamu. Aliuliza tu kama nitahitaji mafuta ya taa ya kusafishia wino, nami nikamwambia ndiyo, debe zima.

Ufunguo ulikuwa tayari mfukoni mwa mkuu. Alishamnyang'anya mpwa wake akaja nao tangu chuoni, akitumaini hautahitajika. Nilimwambia auweke hapo juu ya kaunta, kando ya mizani, nikamalizia kumfungia yule mama chumvi yake.