Mchi wa Mashavu na Miguu ya Buya

Saa moja asubuhi, Garsen. Mashavu Hiribae anatwanga mpunga uani kwake, na shemeji yake, Mzee Buya, anatembea. Mchi ukishuka, mguu unanyanyuka. Jirani anapita, anauliza habari za watoto. Mashavu anasimamisha mchi ili ajibu, na Buya anaganda pale pale katikati ya ua.

"Shemeji, umbea baadaye!" anafoka. "Mimi niko njiani!"

Mashavu ni mjane wa miaka hamsini na kitu. Hutwangia hoteli za hapa kwa senti kumi pishi. Kazi yake ya pili, ya kumfunza Buya kutembea, malipo yake ni matusi ya utani tu.

Buya alikuwa mkulima hodari wa kando ya mto. Mwaka 1953 mikono ilianza kutetemeka, kisha miguu nayo ikagoma. Zahanati walimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauponi, ila asikae bure. Siku moja akakwama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mashavu akachoka kumsihi, akarudi kwenye kinu chake.

"Nikapiga mchi, nikamwona huyo anakuja," anasema. "Nilidhani ananitania."

Tangu hapo ni mazoezi kila asubuhi. Buya huvuka fito zilizolazwa chini bila kuzikanyaga. Akitaka kugeuka, hukizunguka kinu chote polepole, maana kugeuka ghafla kumeshamwingiza mara mbili kwenye banda la kuku. Siku hizi kuku wakimwona, wanahama mapema.

Haraka yote ni ya Ijumaa. Binti yake, Tuneya, anaolewa ng'ambo ya mto, kwa mjomba aliyemlea, na baba ndiye wa kumwozesha. Ndugu walishauri abebwe kwa kitanda kutoka kivukoni hadi msikitini.

"Kitanda hubeba maiti," anasema Buya, machozi yakimlengalenga. "Mtoto wangu anione hivyo siku ya harusi yake?"

Mtumbwini ataketi. Shida ni huko ng'ambo, ambako asubuhi ya harusi kila ua hutwanga. Juzi tu jirani alitwanga wakati mmoja na Mashavu. Mguu wa kulia wa Buya ukamfuata jirani, wa kushoto ukabaki kwa shemeji, na mwenyewe akajikuta amekaa kwenye majivu ya jiko.

Jana Mashavu alivuka kwenda kuzungumza na wanawake wa ng'ambo. Amerudi sauti imemkauka, lakini wamekubali: Ijumaa hakuna atakayeinua mchi kabla Buya hajaingia msikitini. Kinu chake kitapanda mtumbwi pamoja na mzee. Mashavu atatwangia kivukoni, kijiji kizima kikiwa kimya.

"Pilau itachelewa," anasema Mashavu, "lakini baba wa bibi harusi atafika kwa miguu yake."

Buya anaafiki, ila ana ombi moja kwa watu wa ng'ambo.

"Tafadhalini," anasema, "mtu asimsalimie huyu mama."