Habu Niliyoiunda Ndani ya Kisanduku cha Sabuni

Mnisamehe makosa ya tahajia na mwandiko unaolala kila upande. Shule niliachia darasa la nane, na huandika polepole. Kwa hivyo nitaeleza jambo moja tu: siku tuliyoitafuta picha ya baba mdogo.

Baba mdogo ndiye aliyenilea. Alitoka magharibi akiwa kijana, akaja kukata mkonge katika shamba moja upande wa Voi, na kwao hakurudi tena akiwa hai. Mama mdogo, mke wake, ana duka la kupiga picha na kutoa nakala hapa Maungu, kando ya barabara kuu, nami humsaidia. Pamoja na hayo, baba mdogo hakupenda kupigwa picha. Alikuwa na moja tu, ya pasipoti, na ilikuwa ndani ya diski ya nje tunamohifadhi picha za wateja.

Alipofariki, ilipangwa mwili usafirishwe Ijumaa, azikwe kwao. Ratiba ya mazishi huwa na picha ya marehemu mbele, na nyingine hubebwa kwa fremu mbele ya jeneza. Mama mdogo alisema, "Watoto wa ndugu zake hawajawahi kumwona. Watazika nani? Sanduku?"

Laptopu ya duka ni kuukuu. Imebaki na tundu moja la USB, na umeme wake ni mdogo. Ukichomeka diski, inajaribu kuzunguka, inagonga tik tik, kisha inanyamaza. Printa nayo inataka tundu hilohilo. Tulikuwa na habu, kile kifaa cha kugawa tundu moja liwe manne, lakini ya kwetu hunyonya umeme wa laptopu yenyewe, kwa hivyo diski ilizidi kugonga tu.

Asubuhi ya Ijumaa niliamua kuipa habu umeme wake. Nilichora kwanza juu ya kipande cha katoni. Waya wa habu una nyaya nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za kupitisha habari. Nikawaza hivi: umeme utoke kwa chaja ya simu, habari zitoke kwa laptopu, na visikutane. Nikakata nyekundu na nyeusi zinazotoka kwa laptopu, nikalehemu za chaja mahali pake, nikafungia kila kitu ndani ya kisanduku cha sabuni ili pasitokee shoti.

Diski ikazunguka vizuri, taa yake ikatulia. Lakini kwenye skrini hapakutokea kitu. Nikachomoa, nikachomeka tena. Hakuna.

Mama mdogo alikuwa mlangoni, amejifunga leso kiunoni. "Nipe jibu, baba. Inafanya ama haifanyi? Gari ya mwili inatoka saa kumi."

Nikachomoa tena, nikachomeka. Nikitazamwa, maneno hunikaukia mdomoni.

Jirani yetu, fundi wa umeme wa malori, alikuwa amekuja kutoa pole. Akainama juu ya meza.

"Athi umeitupa wapi?"

"Hii si ya lori," nikasema.

"Kijana, hujaona trela ikikosa athi? Dereva anawasha indiketa, nyuma inawaka breki. Anatukanwa hadi Mariakani. Hata uiwekee trela betri yake, lazima ishike athi moja na kichwa cha lori."

Nikautazama mchoro wangu. Athi ni ule waya mweusi, na mimi nilikuwa nimeutenga. Nikafungua kisanduku, nikaunganisha nyeusi ya laptopu, ya chaja na ya habu pamoja. Nyekundu ya laptopu nikaiacha imekatwa, nikaifunga tepu, ili umeme wa chaja usirudi kuiunguza laptopu. Fundi akanishikia waya.

Diski ikatokea kwenye skrini. Baba mdogo alifunguka polepole, kuanzia nywele kushuka. Alikuwa anatazama kando kidogo ya kamera, amefunga kifungo cha juu cha shati, kama mtu anayengoja kuruhusiwa aende zake.

Mama mdogo alisogea karibu. "Kumbe alikuwa amechoka hivi," akasema, kisha akatoka nje. Tulichapisha mimi na fundi.

Huko magharibi picha hiyo ilitangulia jeneza. Watoto walisukumana ili waione. Kaka yake mkubwa alipitisha kidole juu ya kioo cha fremu, akaniuliza, "Huyu alikuwa anacheka namna gani?" Nilijua, lakini nilishindwa kusema, na picha haikusema.

Kwa hivyo nawaomba. Kama ulikata mkonge pamoja na mtu mrefu, mwenye kovu kidevuni, aliyekuwa akiimba akinoa panga, na una picha yake hata pembeni mwa kundi, au unakumbuka kilichomchekesha, niandikie. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu, na barua yako nitampelekea kaka yake.