Jibu Nililomjazia Mgonjwa wa Mgeta

Makala yangu ya kwanza kuchapishwa kwenye jarida la udaktari ilihusu wagonjwa wa ini waliolazwa katika hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi, Morogoro mjini. Nilimpelekea mama yangu nakala nyumbani kwake Mwembesongo. Hajui Kiingereza. Aliniuliza tu, "Jina lako liko wapi?" Nikamwonyesha, nikiwa na furaha kama mtoto.

Miongoni mwa wagonjwa wale alikuwemo mkulima wa karoti kutoka Mgeta, juu milimani. Alikuja tumbo limejaa maji, macho ya njano, mkewe amemshika kiuno. Nilikaa kando ya kitanda na dodoso langu. Nilipofika kwenye swali la pombe akasema, "Sinywi, dokta. Labda togwa."

Nilitabasamu. Togwa ni kinywaji cha nafaka kisicholevya, hata watoto wanapewa, lakini nilishawasikia walevi wengi wakijificha nyuma ya neno hilo. Nikarudia swali, akarudia jibu. Nikaweka alama kwenye "ndiyo". Siku hizo vipimo vya virusi vya homa ya ini vilikuwa vimetuishia, na sikuona haja ya kuvisubiri. Nikamwita mkewe pembeni.

"Mama, msaidie aache pombe."

"Pombe gani?"

"Mwenyewe anajua."

Alifia nyumbani miezi miwili baadaye. Makala ikatoka, ikieleza jinsi pombe za kienyeji zinavyoharibu maini ya wakulima wetu. Watu walinipongeza, nami nikazipokea pongezi.

Miaka ikapita. Asubuhi moja nikamkuta dada mmoja mjamzito ananisubiri mlangoni kwangu. Alikuwa binti wa yule mkulima. Kliniki walikuwa wamempima wakamkuta na homa ya ini aina ya B.

"Nesi kaniuliza kama nyumbani kuna mtu aliwahi kuumwa ini," alisema. "Nikamwambia baba, ila yake ilikuwa ya pombe, maana ndivyo mlivyosema hapa. Lakini dokta, baba hakuwa mnywaji. Tungejua."

"Pengine alikunywa huko nje," nilisema. Mpaka leo sijui ni kwa nini nilisema vile.

Hakubishana nami. "Watu wa jumuiya ya kanisa walikuja kumwombea aache pombe," alisema. "Aligeukia ukutani. Mama naye alikuwa hamsemeshi."

Alipoondoka nilikwenda stoo nikatafuta dodoso. Alama ya "ndiyo" ilikuwepo, na pembeni, kwa mwandiko wangu, neno moja: "Anakana." Nilikaa chini, sakafuni. Ningesubiri vipimo, huenda familia nzima ingepimwa wakati ule, na wasio na virusi wakachanjwa.

Jumamosi nilipanda Mgeta. Nilimkuta mjane anaosha karoti kwenye mfereji. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kuosha huku nikieleza.

"Kwa hiyo uliandika wewe," alisema.

"Niliandika mimi, mama. Yeye alikataa."

"Mimi pia alinikatalia." Aliacha kuosha. "Miezi miwili nilimwekea chakula bila kumsemesha. Nilikuamini wewe." Kisha akaniuliza, "Na wale wa jumuiya, nani atawaambia?"

Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa mtu mmoja. Siku ya jumuiya nilirudi, nikasimama sebuleni kwa jirani yake mbele ya watu waliobanana kwenye mikeka, nikasema kwamba marehemu aliniambia ukweli nami nikaandika uongo, na kwamba nadhani aliugua virusi, ila sina tena njia ya kuthibitisha. Mzee mmoja aliinamisha kichwa. Hakuna aliyenifokea, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Nililiandikia jarida. Walichapa marekebisho, mistari michache ambayo sidhani kama kuna aliyeisoma. Mwenzangu mmoja aliniambia ninajichafulia jina bure.

Mjane alipimwa, hakuwa na virusi, akaanza chanjo. Binti yake alijifungulia mjini, mtoto akachomwa chanjo siku ileile, naye mwenyewe anaendelea na kliniki ya ini. Kaka yake ndiye aliyekataa kupimwa. Nimemfuata mara mbili shambani. Mara ya mwisho hakuacha kulima.

"Mkinipima," alisema, "mtaandika mnachotaka."

Nilimwachia kadi ya kliniki juu ya jiwe, nikashuka.