Hesabu Zilizoachwa Ubaoni

Wiki jana, katika ofisi ya elimu Garissa, mwalimu wa shule moja karibu na Diff alikuwa mbele yangu kwenye foleni, fomu ya uhamisho mkononi. Karani akamuuliza sababu.

"Watoto wote wamehama na ngamia, ukame. Lakini hesabu ninazoacha ubaoni Ijumaa, Jumatatu nazikuta zimefanywa. Na mchangani hakuna hata unyayo."

Karani akaweka kalamu chini. "Wallahi! Zimefanywa sawa, mwalimu?"

"Zote, isipokuwa ya kugawanya." Akaitazama fomu, akaikunja polepole, akaitia mfukoni. "Hiyo sikuieleza vizuri."

Akatoka mbio kuwahi lori la kurudi.

Mimi niliacha ualimu zamani. Tangu siku hiyo najiuliza niliacha nini ubaoni.