Mashine Iliyoombewa Ikiwa Imeungua

Nyumbani kwetu Manyatta hakuna kitu cha umeme kilichowashwa kabla ya kuombewa. Redio iliombewa, televisheni ikaombewa, hata pasi. Kwa hiyo mjomba alipotuletea kutoka Amerika mashine ya michezo ya video, ile ya kijivu ya kaseti ambayo watoto wa huko walishaiacha wakahamia za sidii, baba aliiweka juu ya kabati ingoje Jumapili. Mjomba alionya kwamba umeme wa kwao ni nusu ya wetu, tusiichomeke bila transfoma. Baba akaenda kuazima transfoma kanisani.

Mimi Jumapili niliiona mbali. Ijumaa nilisingizia homa, na wakubwa wakiwa sokoni na mdogo wangu shuleni, niliishusha. Pini za adapta yake, kile kiboksi cha kuchomeka ukutani, zilikuwa bapa, haziingii kwenye soketi yetu, lakini nani Kenya hajui dawa yake? Unasukuma kalamu kwenye tundu la juu, zinaingia. Adapta ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nikafungua madirisha, nikarudisha kila kitu kwenye boksi na kubandika selotepu upya.

Jumapili baba aliomba kwa kirefu. Kisha akampa mdogo wangu heshima ya kuiwasha, kwa kuwa alikuwa ameongoza darasani. Akachomeka, akabonyeza, kimya. Harufu ya kuungua ilikuwa bado ndani ya boksi, na baba akaamini mtoto ameweka swichi ya transfoma vibaya. Alimwambia mbele yetu sote kwamba mikono yake ni ya kuharibu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua kabisa kwa nini nimenyamaza. Utoto usinitetee.

Neno lile la mzazi lilishika. Mdogo wangu hakuruhusiwa tena kugusa hata balbu. Alipotaka kusomea umeme, baba alikataa, akanipeleka mimi. Leo yeye ananunua na kuuza samaki Port Victoria, na fundi ni mimi. Naona haya kila mteja akinisifu.

Mwezi uliopita niliikuta mashine kwa mama, nikaifungua. Bodi ilikuwa safi, hakuna kapasita iliyovimba. Kilichokufa siku ile ni adapta peke yake. Nikasugua pini za kaseti kwa spiriti, nikaunga adapta ya hapa, ikawaka. Nikamwita mdogo wangu aje. Nilipompa kidude cha kuchezea alirudisha mikono nyuma, mtu mzima mwenye ndevu.

"Omera, ndugu yangu, hiyo kitu cheza wewe. Mimi nitaharibu tena."

Hapo nikamwambia yote, kuanzia kalamu mpaka selotepu. Alisikiliza macho yakiwa kwenye skrini. Kisha akauliza kama baba alijua kabla hatujamzika. Nikasema hakujua.

"Sasa unaniambia mimi ya nini?"