Tonge la Mbaruku

Mbaruku bin Mosi alikuwa mtu wa kula, Bagamoyo nzima ilimjua hivyo. Lakini tonge lililomtia matatani mwaka ule wa 1886 alilila kwa ajili ya serikali, na mimi nitamtetea mpaka kesho.

Alikuwa askari wa liwali, mtawala wa mji kwa niaba ya Sayyidi, sultani wa Unguja, naye liwali alikuwa amemkabidhi Mzungu mmoja, mtu wa balozi, aliyetoka Unguja kuja kuutazama mji.

"Akipata hata mkwaruzo," liwali alimwambia, "mfalme wao atamuuliza Sayyidi, Sayyidi ataniuliza mimi, na wewe sitakuuliza kitu. Utakwenda kufungwa ngomeni Unguja."

Na mkewe Mwaija alikuwa na mimba ya miezi minane! Basi Mbaruku akawa anamtangulia mgeni njiani, akiokota miiba na kufukuza majogoo.

Siku ya tatu wakapita kwa Kombo, aliyekuwa akiutaka ujumbe wa mtaa, yaani awe jumbe, mkuu wa mtaa. Desturi ilijulikana: anayetaka kilemba cha ujumbe hupika wali, na kila aliyeula amemkubali. Mpinzani wake, Msabaha, alikuwa ameweka watu wenye bakora wasimamie vinywa vya walaji. Mzungu hakujua hili wala lile. Alikuwa na njaa, akaketi penye sinia, akafinyanga tonge. Bakora zikainuka.

Mbaruku akaudaka mkono wa mgeni ukiwa karibu na mdomo, akalila tonge lile yeye.

"Mzungu hajala!" akasema, mashavu yamemjaa. "Mwenye neno nani?"

Wenye neno walikuwa wengi. Askari wa liwali amekula, kwa hiyo Sayyidi mwenyewe amemchagua Kombo. Kosa kubwa! Lakini nani wa kumshitaki? Majumbe walisema mambo ya kilemba ni yao. Liwali akasema askari ni wake. Wakabishana hadi alasiri. Mwishowe kila upande ukaleta mkatale wake, gogo lenye tundu la kufungia mguu, wakamfunga palepale mtaani, hatua chache kutoka nyumbani kwake: mguu wa kulia kwa liwali, wa kushoto kwa majumbe. Watu wazima hao, wenye ndevu zao!

Mwaija akaja na uji, analia. "Nani atakufungua, bwana?"

"Hakuna. Huyu akifungua, yule atasema ameingiliwa. Lakini usilie, mgeni hana hata mkwaruzo. Ngomeni siendi."

Mzungu alikuwa amesimama kando. Ugomvi hakuuelewa, machozi aliyaelewa. Akainama, akachomoa kabari ya mti iliyokaza mguu kwenye gogo moja, kisha ya pili. Miguu ikatoka. Mwaija akaanza kumshukuru Mungu, ndipo mgeni alipoinua kidole chake. Kibanzi kilikuwa kimemchoma, na tone la damu linachuruzika.

Mbaruku akalitazama lile tone. Kisha akairudisha miguu yake mwenyewe ndani ya magogo, mmoja baada ya mwingine.

"Gonga kabari, mke wangu," alisema. "Wakiendelea kunigombania, hakuna wa kunipeleka Unguja. Hapa angalau nitamsikia mtoto akilia."